Alama ya Chaki kwenye Rimu

"Mama, gari halina neno," mwanangu aliniambia bila kupepesa macho. "Kinachotetemeka ni mikono yako. Leo nauchukua ufunguo."

Alinifuata mpaka gereji kuyasema hayo, tena mbele ya fundi! Gari lenyewe ni la michezo, viti viwili, limemzidi yeye umri. Nililinunua kwa jasho langu la ualimu. Wiki ya pili sasa, likifika mwendo wa themanini usukani unatetemeka. Lakini ukishafika miaka sabini na moja, hata kosa la chuma husingiziwa mifupa yako.

Fundi alishabalansi magurudumu mara mbili, akibandika vipande vya risasi kwenye rimu ili uzito ulingane. Akaliinua gari kwa jeki, akalitikisa gurudumu la mbele juu na chini, kushoto na kulia.

"Hakuna kilicholegea, Mwalimu," akasema, kisha akamtazama mwanangu kwa huruma.

Huruma ya nini? Nikachemka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sikuwa tayari kulia.

"Nipe chaki, ile unayochorea matairi."

"Ya nini, Mwalimu?"

"Nipe, bwana! Kisha lizungushe gurudumu."

Nikachuchumaa. Magoti yalilalamika, nikayaacha yalalamike. Fundi akanisogezea kigoda niegemeze kiwiko; nikakirudisha kwake. Nikaisogeza chaki polepole kwenye ukingo wa rimu inayozunguka, mpaka ikagusa. Tk. Tk. Tk. Gurudumu liliposimama, alama ilikuwa mahali pamoja tu, fupi kama kidole.

"Ingekuwa mkono wangu ndio unaocheza, chaki ingetapakaa kote," nikasema. "Futa, tuanze upya."

Mara tatu tulifuta, mara tatu alama ikarudi palepale.

"Rimu imepinda," fundi akakiri, akijikuna kisogo. "Na mimi kazi yangu kuongeza vipande vya risasi tu!"

Ikanyooshwa. Nikamwamuru mwanangu aketi upande wa abiria, tukaingia barabara kuu. Themanini: usukani umetulia tuli. Tisini.

"Mama, punguza."

"Asubuhi kikombe cha chai hunitetemekea, sikufichi," nikamwambia. "Siku nikiona siwezi tena, ufunguo nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Lakini kuninyang'anya, huninyang'anyi."

Akaitazama mikono yangu juu ya usukani.

"Nimekuelewa, Mama."

"Vizuri. Sasa funga mkanda."