Wimbo wa Kusamehewa

"Albamu ikiisha, na mimi basi," mke wangu aliniambia, na hakuwa anatania. Angemchukua binti yetu, Kibibi, wahamie kwa dada yake. Alibaki kwa sababu moja tu: tulishaahidi watu nyimbo nane, na yeye si mtu wa kuacha kazi nusu.

Nyimbo zote nilitunga mimi. Shule niliacha darasa la sita, lakini kutunga najua. Ni hadithi moja: mtu na mke wanapendana, wanazaa, wanachokana. Katika wimbo wa nane mwanamke anamsamehe mumewe. Humo niliandika kila neno nililotamani kulisikia nyumbani.

Tulirekodi kwa zamu, maana hatukuweza kukaa chumba kimoja dakika kumi bila kurushiana maneno. Asubuhi aliimba yeye, alasiri nilipiga gitaa mimi juu ya sauti yake. Fundi mitambo aliunganisha. Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la samani, kuta zimezibwa kwa magodoro.

Nikaanza ujanja. Leo waya umelegea, kesho gitaa limekimbia mapigo, turudie. Miezi mitatu nikawa narudia nyimbo saba.

"Kaka, gitaa halina kosa," fundi akasema. "Mwenye kosa ni wewe."

"Wewe bonyeza vitufe vyako."

Siku ya wimbo wa nane nilivaa hedifoni nikiwa na visingizio vyangu tayari. Sauti yake ikaingia. Alipofika "rudi, tumlee sote," ikakatika, kama mtu anayemeza machozi. Miaka miwili sijamsikia hivyo. Nililia, mtu mzima mimi, na ndevu zangu. Fundi akajifanya anakunja waya.

"Umesikia? Huyu bado ananipenda."

"Mimi nasikiliza sauti, kaka. Ndoa sina utaalamu nayo."

Nikapiga mara moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kupiga vile. "Chukua hiyo hiyo," nikamwambia. "Funga kazi."

Nilikwenda nyumbani karibu nikikimbia. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, anamsuka Kibibi.

"Mama Kibibi, nimekusikia."

"Umesikia nini?"

"Wimbo wa nane. Pale ulipolia."

Mikono yake haikusimama. "Sikulia. Wewe mwenyewe uliandika pembeni ya karatasi: hapa sauti ikatike. Nikaikata."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi wapi! Mara tatu ilikataa. Ya nne ndiyo ikakaa sawa. Muulize fundi."

Nilisimama mlangoni na viatu mguuni. Maneno niliyatunga mimi, machozi niliyaagiza mimi, halafu nikayaamini. Mjinga gani mwingine angefanya hivyo?

"Gitaa umeshapiga?" akauliza.

Ningeweza kusema bado. Lakini kazi ilishafungwa, na fundi si mtu wa kunifichia.

"Nimepiga."

"Limetoka vizuri?"

"Limetoka."

"Haya, Baba Kibibi. Ahsante." Aliniambia kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Kibibi akageuza shingo, mama yake akamrudisha kichwa sawa.

"Baba, kitanda cha kwa mama mkubwa kinatosha watu wangapi?"

"Wawili," nikamjibu.