Picha ya Shangazi Akiwa Amekaa

Shangazi aliingia studio saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, akapangusa kiti kwa kiganja kabla ya kukikalia. Mpiga picha, binti wa marehemu kaka yake, alimwambia kiti kimeshapanguswa. Shangazi akasema anajua, akapangusa na upande wa pili.

Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye kola, la kutokea, ambalo bado lilikuwa na harufu ya sanduku. Alikuwa na miaka sabini na sita na hakuwa na picha yake hata moja. Si kwamba familia haikupigwa picha. Albamu zilikuwa tano, zimejaa pomoni. Ila kila kamera ilipokuwa tayari, mtu mmoja alikumbuka kwamba kiti kimepungua au mtoto hana kofia, na Shangazi akatumwa mara moja. Aliporudi na kiti, watu walikuwa wameshatawanyika.

Sebuleni kwenye nyumba ya familia kulikuwa na ukuta mzima wa picha. Baba na mama yake walikuwepo, na ndugu zake, na wake wa ndugu zake, wote wamekaa, mikono juu ya mapaja, kama watu wanaosubiri kuletewa chai. Aliyekuwa akiwaletea ndiye asiyekuwemo.

"Nataka moja tu," Shangazi alisema. "Nimekaa. Mikono mitupu. Sitaki picha yangu ya kwanza niwe nimelala na watu wanaimba."

Mpiga picha akacheka, akawasha taa mbili, akashusha pazia la kijivu, akamwomba anyanyue kidevu kidogo. Alipiga picha kumi na nne. Shangazi hakuinuka hata mara moja, isipokuwa alipotaka kuokota uzi sakafuni, akazuiwa.

Alipoondoka, mpiga picha alizifungua picha kwenye kompyuta. Katika zote kumi na nne kiti kilikuwa kitupu na Shangazi amesimama kando yake. Kichwani alikuwa na ndoo ya maji. Mkono wa kulia ulishika beseni la nguo zilizolowekwa, wa kushoto ufagio. Mgongoni, ndani ya shuka, alikuwa amembeba Baba Mdogo, yaani mdogo wake wa kiume, mwenye miaka sitini na sita, suti ya bluu, tai imelegea, amelala fofofo mdomo wazi.

Mpiga picha alikagua lenzi. Ilikuwa safi. Akaandika kwenye daftari la kazi kwamba picha ina vitu vya kuondoa, akajichanganyia kahawa.

Kazi ya kuondoa vitu aliijua vizuri. Watu humletea picha za arusi awafutie shemeji waliyekosana naye. Unakizungushia kitu mstari, unakifuta, halafu unachota rangi ya jirani yake unajazia pengo. Alichagua picha moja, akaanza na ndoo. Alipoifuta, kitu kilitua nyuma yake, puu, na maji yakatambaa mpaka chini ya meza. Ilikuwa ndoo ya bati ya zamani, mpini umefungwa waya. Akadeki. Kwenye skrini, shingo ya Shangazi ilikuwa imerefuka kwa vidole viwili.

Akafuta beseni. Likatua karibu na mlango, na ndani yake mlikuwa na mashati ya shule ya watoto ambao sasa ni mababu. Akafuta ufagio. Kila kitu kilipotoka, magoti ya Shangazi kwenye picha yalijikunja kidogo kuelekea kiti. Mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti aliliruka beseni, akauliza kama kuna foleni.

Kisha akamfikia Baba Mdogo.

Huyo alimchukua saa nzima, maana ana tumbo, na pindo za suti zilikuwa zimeingia ndani ya shuka. Kadiri mstari ulivyozunguka ndivyo mpiga picha alivyozidi kukunja uso. Habari ya Baba Mdogo na mgongo ule aliijua, kama kila mtu kwenye familia alivyoijua na kuinyamazia. Baba Mdogo alipozaliwa, Shangazi alikuwa na miaka kumi, yuko darasa la nne, wa kwanza kati ya watoto arobaini. Aliambiwa akae nyumbani kidogo, mpaka mtoto atembee. Mtoto akatembea. Hakuna aliyekumbuka kumwambia arudi, na kabla hajauliza, mtoto mwingine alikuwa ameshazaliwa. Sasa Baba Mdogo ni mwenyekiti wa bodi ya shule, na kila mwaka hutoa hotuba kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Hotuba hiyo humtoa machozi yeye mwenyewe.

Mpiga picha hakumfuta kwa upole.

Baba Mdogo hakutua studio. Alitua huko huko alikokuwa, kwenye kikao cha bodi, katikati ya ajenda ya tatu. Saa nane na nusu alifika kwa mpiga picha akijishikilia ukutani, akanyage wapi hajui, kama mtu aliyeanza kutembea jana. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu. Nyayo zake zilikuwa laini, za rangi ya waridi, hazina ufa wala sugu. Hazijawahi kukanyaga kitu.

"Nani kanitua?" aliuliza.

"Mimi, Baba Mdogo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Shangazi anataka kukaa."

"Si akae! Nani kamkataza? Nyumba ile ina viti kumi na viwili." Akasugua kifundo cha mguu, ambacho kilikuwa kimevimba. "Akae, ila mimi nirudishe kwanza. Kesho nina mkutano mwingine."

Mpiga picha alimwambia hamrudishi ng'o. Alimwambia na mengine, ya darasa la nne, ya watoto arobaini, ya hotuba na machozi yake, na hakushusha sauti mteja mwingine alipochungulia. Baba Mdogo alimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa ni mtu aliyezoea vikao. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akagusa skrini nayo.

"Na huyu je? Huyu mbona hujamtoa?"

Ndani ya shuka, chini ya pale alipokuwa amelala yeye, kulikuwa na mtu mwingine. Alikuwa mpiga picha mwenyewe, miaka thelathini na nne, kamera shingoni, amejikunja, ameng'ang'ania kola ya gauni la kijani. Magoti ya Shangazi yalikuwa yamekunjika vizuri. Kati yake na kiti ilibaki shubiri moja.

"Mtoe," alisema Baba Mdogo. "Tuone."

Mpiga picha akashika kipanya. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Muda ule Shangazi alikuwa amesimama kwenye geti la shule akimsubiri mtoto wa mpiga picha, kama kila siku, na akitoka hapo angemfulia sare, angemsimamia masomo ya darasa la nne, ambayo anayakumbuka yote. Mpiga picha alianza kujizungushia mstari kuanzia kisiginoni. Alipofika gotini, akasimama. Akasema kompyuta ni nzito leo.

Kompyuta haikuwa nzito.

 Baba Mdogo alingoja tu, miguu juu ya stuli, mpaka mpiga picha alipobonyeza pa kurudisha, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne. Ndoo ikaondoka sakafuni, beseni likaondoka mlangoni. Kifundo cha Baba Mdogo kikanywea. Akapiga miayo, akatoka bila kugusa ukuta.

Picha ilichapishwa kubwa, ikatiwa fremu ya mbao, ikapelekwa nyumbani Jumamosi. Ilibebwa na wanaume wanne, wakipumzika kila ngazi. Baba Mdogo alihutubia. Alisema huyu ni mama yao wa pili, na hajawahi hata siku moja kusema amechoka. Watu wakapiga makofi. Shangazi aliitazama picha, kuanzia ndoo mpaka kiti kitupu.

"Nilisema nimekaa," alimwambia mpiga picha.

"Taa zilikataa, Shangazi."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyoitikia mgonjwa anayeambiwa na daktari kwamba si kitu.

Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ulitoka na kipande cha ukuta. Baba Mdogo akasema inatakiwa chuma cha fundi, na kwamba mpaka fundi aje, lazima mtu aishikilie kwa chini. Wote wakaanza kutazama saa. Mpiga picha alikuwa na wateja. Shangazi akasogea, akaweka mikono chini ya fremu.

Fundi aliahidi kuja Jumatatu. Hakusema ya wiki gani.

Wageni wanaoingia sebuleni humtazama Shangazi, huitazama na picha juu ya kichwa chake, na husema wamefanana sana. Kufikia wiki ya tatu alikuwa amejifunza kuishikilia kwa mkono mmoja. Familia ilifurahi, maana wa pili ulikuwa unahitajika.