Bibi Kigoda Aingia Fainali

Asubuhi ya mashindano, Sindano alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamchua Bibi Kigoda goti la kushoto kwa yale mafuta yanayowasha mpaka puani. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni amelikunja, uso kaugeuzia ukutani kama mtoto anayesafishwa kidonda. Goti lilikuwa limevimba tangu Jumapili. Siku hiyo kwenye mazoezi Sindano alimrukisha vibaya, akaenda kutua juu ya zile ngazi za mawe zilizochorwa nyuma ya uwanja.

"Bibi, hapa panauma?"

"Umejitakia!" Bibi akasema.

Panauma, basi. Sindano akapunguza mkono.

Bibi Kigoda alikuwa mpiganaji wa kwenye gemu. Waliomtengeneza walimpa kigoda cha miguu mitatu cha kupigia watu, na sentensi nne za kusema: "Umejitakia!", "Sogea nikuone", "Bado sijachoka" na "Nani mwingine?" Hizo hizo ndizo alizotumia kwa kila kitu, na nyumba ilishamzoea. Akiulizwa kama aongezewe chai, husema bado hajachoka. Mlango ukigongwa, huuliza nani mwingine. Mama yake Sindano alisema ni heri mtu wa sentensi nne kuliko jirani yao wa ghorofa ya chini, ambaye anazo elfu na zote ni za watu.

Bibi alitoka kwenye gemu wakati wa likizo. Jioni moja Sindano alizima televisheni akaenda kuosha vyombo, na aliporudi akamkuta Bibi katikati ya sebule, kakaa juu ya kigoda chake, anahema. Mama aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akauliza kama mgeni amekula. Siku mbili alikuwa mgeni. Siku ya tatu, kwa kuwa nyumba ile haina shamba hata la kupandia kitunguu, Mama hakuwa na jembe la kumpa, akampa vifungo vya sare za shule avishone. Alivishona vizuri, ila vilikaza mno. Mikono yake ilikuwa imetengenezwa kwa kazi ya kupiga.

Sindano akitaka kucheza, Bibi huvua ndara, huinama, huingia kwenye skrini kwa kutanguliza kichwa, kama mtu anayeingia nyumba ya mlango mfupi. Ndara hubaki chini ya televisheni. Mama alishawahi kujikwaa nazo, akagomba, mambo yakaisha.

Kisha kampuni ya gemu ikatoa tangazo. Toleo jipya linakuja, na wapiganaji watapunguzwa: wale ambao watu hawawachagui wataondolewa. Bibi Kigoda ndiye aliyeshika mkia. Alikuwa mfupi, alikuwa mzito, na pigo lake maalumu lilikuwa kukaa chini. Watu walimchagua kwa utani tu, wakitaka kumchekesha mgeni. Lakini mwisho wa tangazo palikuwa na ahadi: mpiganaji atakayeshinda mashindano yoyote yaliyosajiliwa, huyo haguswi.

Sindano alilisoma tangazo lote kwa sauti. Bibi alikuwa anasikiliza huku ameuma uzi. Akaukata kwa meno.

"Sogea nikuone," akasema.

Sindano akasogea. Bibi akamtazama muda mrefu, halafu akaenda kuvua ndara. Mazoezi yakaanza hapo hapo.

Sindano hakuwa mtu wa kujitokeza. Darasani jina lake likiitwa, alikuwa anainua kidole kisichozidi sikio. Hata hilo jina la Sindano alipewa kwa sababu ya wembamba na kwa sababu ya kupenya pembeni mwa watu bila kumgusa mtu. Kumwambia aende kucheza mbele ya ukumbi ni sawa na kumwambia aimbe sokoni. Lakini alishaamua. Alimaliza kuchua goti, akafunika chupa ya mafuta, akaitia kwenye mkoba, akamshika Bibi mkono, wakatoka.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Viti vya plastiki, waya zimebandikwa sakafuni zisikwaze watu, na feni moja juu yenye kigugumizi. Mtangazaji alikuwa kinyozi wa mtaani, ambaye siku za mashindano huacha mashine na kushika maiki. Ndiye pia aliyeandikisha watu.

"Jina?"

"Sindano."

"Sema kwa sauti, binti yangu, hatuko msibani. Mpiganaji wako?"

"Bibi Kigoda."

Kinyozi akaweka kalamu chini. "Umekuja kupigana au umekuja kumpunguzia bibi upweke?"

Foleni nzima ikacheka. Ndipo kinyozi akamwona Bibi mwenyewe, amesimama nyuma ya Sindano, kigoda kwapani.

"Aa, shikamoo Bibi. Nisamehe, sikukuona."

"Nani mwingine?" Bibi akajibu.

"Kweli, tunachelewa," kinyozi akasema, akamwita wa nyuma.

Mpinzani wa kwanza alikuwa muuza viatu. Alicheka raundi ya kwanza nzima akashinda, akacheka nusu ya raundi ya pili, ya tatu hakucheka kabisa. Baada ya pambano Bibi akatoka kwenye skrini amepasuka mdomo kidogo. Mama mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe akampa karatasi laini ajifute. Sindano akamchua goti, akampa maji, Bibi akayanywa yote.

"Bado sijachoka," akasema, akarudi ndani.

Siri ilikuwa kwenye kukaa. Wachezaji wote walijua kwamba Bibi akikaa anakuwa windo, na hakuna aliyebonyeza kitufe kile. Lakini Sindano alikuwa ameishi naye. Alikuwa amemwona akikaa mezani, akikaa kitandani, akikaa kwenye ngazi kungoja lifti ambayo haijafanya kazi miaka. Bibi hakai moja kwa moja. Kwanza anaegemea kushoto kidogo, anaomba goti ruhusa, ndipo anashuka. Na kule kuegemea, ukikubonyeza kwa wakati wake, kunakitoa kichwa chake kwenye njia ya ngumi. Hilo halikuandikwa popote. Ukiishi na mtu ndiyo unajua anavyokaa.

Mchana ukasogea. Bibi alikaa, ngumi zikapita, akainuka na kigoda. Alikaa, mateke yakapita, akainuka na kigoda. Watu wakaanza kuvuta viti mbele. Kinyozi, aliyeanza kwa kumwita "bibi wa watu", sasa alikuwa anamwita "Bibi yetu", na sauti ilikuwa inamkauka.

Wakafika fainali.

Kule fainali alikuwepo Fundi Simu, bingwa wa ukumbi ule tangu ulipofunguliwa. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu barabara ya pili, na vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Mpiganaji wake aliitwa Radi, kijana wa kifua wazi ambaye mateke yake hutoka mfululizo, yakiwaka moto.

"Dada," Fundi Simu akasema wakikaa, "mwambie Bibi anisamehe mapema. Nimelelewa vizuri, lakini kazi ni kazi."

"Mwambie mwenyewe," Sindano akasema. "Yumo humo, anakusikia."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu asubuhi. Hata yeye aliisikia.

Wakagawana raundi mpaka ikabaki moja ya kuamua. Humo Sindano alikosea mara mbili, na mara zote mbili Bibi alirushwa mpaka ukingo wa uwanja, na mara zote mbili akainuka kwa kushika goti. Mstari wa uhai wake ukaisha, ukaisha, ukabaki unywele. Wa Radi nao haukuwa mbali. Fundi Simu akatupa teke moja la chini, likampata Bibi kifundoni, ukumbi ukapiga kelele, na mstari ukawa mweupe.

Fundi Simu akaweka rimoti mezani. Akasimama, akanyoosha mikono juu, akawageukia watu.

Wachezaji wa muda mrefu wana neno lao: usisimame kabla skrini haijasema. Kila mmoja amewahi kuambiwa, na kila mmoja amewahi kulisahau mara moja. Unywele ule wa mwisho wa uhai hauonekani vizuri kwenye skrini yenye vumbi. Bibi Kigoda alikuwa bado kasimama, uzito wote kwenye mguu mmoja. Mbele yake Radi naye kasimama, mikono imening'inia, anangoja amri.

"Kaa! Kaa chini!" rafiki zake wakapiga kelele.

Fundi Simu akadhani anawaziba. Akasogea pembeni kwa adabu, akaendelea kucheza ngoma yake ya ushindi.

Sindano alikuwa na nafasi. Akamtembeza Bibi mbele, hatua baada ya hatua, anachechemea. Hakukimbilia. Alijua goti lile likiharakishwa linafanya nini. Bibi alikuwa amefika nusu ya uwanja wakati Fundi Simu alipogeuka, akaona, akairukia rimoti kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Na kwa kuwa alikuwa fundi kweli, vidole vyake havikukosea: mateke yote ya moto yakatoka kwa pamoja, mfululizo.

Sindano akambonyeza Bibi akae.

Bibi akaegemea kushoto. La kwanza likapita. Akashuka kidogo, la pili likapita, likamchoma kitambaa cha kichwa. La tatu, la nne, yale mengine ambayo hakuna aliyeyahesabu, yote yakapita juu ya mwanamke mzee anayetafuta mahali pa kukaa. Akafika chini. Akatua. Radi alipomaliza moto wake na kubaki mguu hewani, Bibi akainuka na kigoda.

"Umejitakia!" spika zikasema, na ukumbi mzima ukasema nazo.

"Bibi kakaa!" kinyozi alikuwa analia kwenye maiki. "Jamani, Bibi kakaa!"

Fundi Simu aliangalia skrini mpaka iliposema. Kisha akamgeukia Sindano, akampa mkono.

"Nimejichimbia mwenyewe, mdogo wangu. Lakini ulicheza."

Bibi alipotoka, Fundi Simu alimwamkia pia. Bibi akamwambia asogee amwone, akamshika kola, akakuta kifungo kimelegea, akakikaza hapo hapo kwa uzi aliokuwa nao mfukoni. Fundi Simu alikubali kunyongwa kidogo.

Video ya fainali ilizunguka kila simu. Kampuni yenyewe iliitangaza kuwa tukio la mwaka, ikaandika kwamba hii ndiyo roho ya mchezo. Ikaandika pia kwamba ahadi ni ahadi. Nyumbani Mama alifunga cherehani mapema, na Bibi akala sahani mbili.

Toleo jipya lilikuja siku ya shule. Sindano alirudi mchana, akawasha televisheni kabla ya kuvua viatu. Pale palipokuwa na Bibi, palikuwa na msichana mrefu wa mgongo ulionyooka, mwenye kigoda cha dhahabu. Kampuni ilieleza kwamba mpiganaji hajaguswa, ameboreshwa tu. Sindano akambonyeza akae. Msichana akaegemea kushoto kwanza, ingawa magoti yake hayakuwa na tatizo lolote, kisha akashuka, akainuka.

"Bado sijachoka," msichana akasema. Sauti ilikuwa ya Bibi.

Bibi alikuwa dirishani na rundo la sare. Mama akamuuliza kama amwongezee chai. Bibi akafungua mdomo, pasitoke kitu. Akajaribu tena. Akajishika koo, kama anayetafuta mahali mkufu ulipokatikia. Baadaye akainuka, akavua ndara, akainama mbele ya televisheni akatanguliza kichwa, na kichwa kikagonga kioo.

Mama akaloweka kitambaa, akamwekea kwenye paji la uso.

"Hata kiwandani nilikokuwa nashona ilikuwa hivyo hivyo," Mama akasema, huku amekishikilia. "Nilimfundisha binti mmoja mshono wa kola. Nilipomaliza kumfundisha, wakampa cherehani yangu, mimi wakaniandalia keki."

"Ilikuwa nzuri?" Sindano akauliza.

"Nzuri. Nilikula vipande viwili."

Sindano hakulia. Alikaa sakafuni na simu, akatafuta ukurasa wa kampuni, mahali pa kuandika ujumbe. Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Bibi alikuwa ameshika sare nyingine, anakaza kifungo. Mwishowe Sindano akaandika hivi:

"Habari za kazi. Mpiganaji mliyembadilisha yuko kwetu. Anakula vizuri, goti linaendelea. Kigoda bakini nacho, na kule kukaa bakini nako, tutazoea. Tunaomba mrudishe sauti yake. Sentensi zote nne zikishindikana, hata moja. Mnaweza kuchagua nyinyi."

Akausoma tena. Akatuma.

Ujumbe ukaenda. Baada ya muda mfupi alama ikageuka rangi, kuonyesha kwamba kuna mtu kule ameufungua na kuusoma. Sindano akaiegemeza simu kwenye cherehani ili wote watatu waone jibu likija, na Mama akashona sare za muhula mzima akiipitisha nguo pembeni yake, asije akaiangusha.