Kiti cha Picha

Shirika lililochangisha fedha za viti vya magurudumu kwa watoto wasiotembea lilikuwa na kiti kimoja. Kilikaa stoo, nyuma ya makatoni ya fulana, kimefunikwa nailoni, na kilitolewa siku za hafla tu. Mtoto alikalishwa, mgeni rasmi akashika vishikio, picha zikapigwa. Wageni wakishaondoka, mtoto alirudi mgongoni kwa mama yake na kiti kikarudi stoo. Viti vya kugawa, alisema katibu, vilikuwa njiani.

Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakujua kunyamaza, alishakalishwa kwenye kiti hicho mara saba. Mara ya kwanza alikuwa na miaka sita. Sasa alikuwa na kumi na mmoja, na mama yake, fundi cherehani, alimbeba kila asubuhi kupandisha kilima hadi shule. Mgongo wa fundi ulikuwa umeanza kugoma. Daktari alimkataza kubeba vitu vizito. Fundi akamuuliza kama mtoto ni kitu, na daktari akamwandikia dawa ya kuchua.

Jioni ya hafla ya saba, fundi akikunja vitambaa, kiti kilikuja chenyewe. Kilipanda polepole, kikapisha pikipiki, kikasimama mlangoni na nailoni yake.

"Umechelewa," Kasuku alikiambia. "Ingia basi, usitujazie mbu."

Fundi alikifuta magurudumu kwanza, maana alikuwa ameshadeki.

Asubuhi, kabla ya saa moja, dereva wa shirika alifika.

"Dada, samahani. Nimetumwa kuchukua kiti."

"Mimi sikukiita."

"Najua, dada. Na mimi sikujituma."

Jioni kikarudi. Asubuhi dereva akakifuata. Katibu alinunua kufuli. Kiti kikaja na kufuli, komeo na kipande cha mlango. Majirani walilalamikia kelele tu.

Mwishowe katibu alikuja mwenyewe na faili lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na soli ya kiatu chake ilikuwa imeachia.

"Kwa hiyo mtoto anacho kiti," alisema.

"Anacho jioni," fundi alijibu. "Shule ni asubuhi."

Katibu aliipekua fomu yote. Haikuwa na mahali pa kuandika saa. Akaandika AMEPATA, akalikata jina la Kasuku kwenye orodha ya viti vilivyokuwa njiani, kisha akawaomba wasikose hafla ya Jumamosi, kwa vile mtoto na kiti walikuwa wameshazoeana.

"Nitavaa gauni lilelile?" Kasuku aliuliza.

"Lilelile litapendeza," katibu alisema.

Jumatatu dereva alikuja mapema. Kiti kilikuwa kimekaza breki zote mbili, ikabidi akiinue kizimakizima.

"Siwezi kuwapakia," alisema bila kuulizwa. "Hairuhusiwi abiria."

"Tunajua, kaka."

"Jioni basi," Kasuku alikiambia kiti.

Fundi alijifunga kibwebwe, akainama, mtoto akapanda.

"Mama, nimekuwa mzito?"

"Hapana. Shika vizuri."

Gari liliteremka kuelekea ofisini. Ubavuni lilikuwa na picha ya Kasuku wa miaka sita, akicheka juu ya kiti. Fundi alipandisha hadi kwenye kona, akasimama kupumzisha mgongo, kisha akaendelea.