Mikono ya Zimwi Radi

Mume wangu ana mapembe mawili, macho mekundu na umri wa miaka mia tisa. Hayo ni kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mchana anaitwa Revelian, karani wa masjala katika ofisi moja ya Kinondoni, mwenye kitambi na shati la mikono mirefu, na akipanda ngazi za ghorofa moja anapumulia mdomo.

Mapembe ni ya katuni. Kamera ya kompyuta inausoma uso wake, kisha kwenye skrini anatokea Zimwi Radi badala yake. Akikodoa macho, zimwi linakodoa. Akitikisa kichwa, mapembe yanatikisika. Mtu mzima na akili zake anakaa chumbani kwetu Tegeta, amevaa bukta, anawaita watu elfu nne "wajukuu zangu", nao wanamwandikia "shikamoo babu". Wanakuja kumtazama akicheza gemu ya kupigana risasi kwenye simu, mmoja kwa mmoja, na kumwomba awafundishe namna ya kupanda daraja. Tatizo ni moja tu: babu hajui kucheza.

Simsingizii. Miaka miwili alikaa daraja la chini kabisa, anauawa na watoto wa darasa la tano, halafu analaumu mtandao, analaumu simu, siku moja akalaumu hata feni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Akienda kazini alikuwa akiiacha simu ya gemu kwenye chaji, nami nikaanza kuigusa siku za mvua wateja wasipokuja. Kila nilipouawa nilichukua daftari la vipimo nikaandika: nimefia wapi, kwa nini, kesho nifanye nini. Nilijaza madaftari matatu ya vifo. Baada ya miezi minane nilikuwa nimefika daraja la juu kabisa, na kiuno cha jirani yangu Hamida kimeandikwa katikati ya marehemu.

Revelian alipopata mdudu wa kidole, aliniomba nimshikie simu jioni moja tu. Kidole kilipona ndani ya wiki, ila simu hakuitaka tena. Tangu hapo yeye ni mdomo, mimi ni mikono. Nakaa kwenye kigoda pembeni yake, sikohoi, sicheki. Nikimwangusha mtu, anayenguruma ni yeye. Kinachokera zaidi ni mafundisho. "Wajukuu, siri ni nidhamu," anasema, chapati iko mdomoni. "Kila kifo kiandike." Anayasoma madaftari yangu neno kwa neno, anaruka tu kiuno cha Hamida.

Niliumia, sifichi. Si kwamba niliyataka mapembe. Nilitaka siku moja aseme mbele ya wajukuu zake, "Anayecheza ni mke wangu, Auleria." Maneno matano, basi.

"Tutasema," alinijibu kila nilipomuuliza. "Wakati ukifika. Kwani shida iko wapi? Sie ni mwili mmoja, Auleria. Ulisikia mwenyewe kanisani."

"Sawa, mwili mmoja. Mbona mie kila siku ni vidole, wewe kila siku ni mdomo?"

"Ishu siyo kushindana," akasema. Kweli haikuwa kushindana, maana angeshindwa.

Kisha timu moja iitwayo Pweza ikatangaza mashindano. Mshindi atasajiliwa, atapewa kocha, atakwenda kucheza Kigali. Tulishinda raundi zote hadi fainali. Nasema "tulishinda" kama mke mwenye adabu. Wiki ya fainali waandaaji wakaleta sharti jipya: udanganyifu umezidi, kwa hiyo kila mchezaji aweke kamera ya pili imulike mikono yake. Uso mtu anaweza kuuficha, mikono lazima ionekane.

Mwanamume mwingine angekiri. Wangu alileta shati. "Mikono ni mikono tu," akasema. Nikakata kucha, nikavaa shati lake la ofisini na saa yake, ikanizunguka mkononi kama bangili. Pete ya ndoa ikagoma kutoka, tukaivua kwa sabuni. Alipokuwa akiivuta alipiga mluzi, na mluzi ule uliniuma kuliko kidole.

"Tukishinda," nikamwambia, "leo leo, laivu, utanitaja."

"Haki ya Mungu."

Fainali ilikuwa Jumamosi alasiri. Mpinzani wetu, Muntazir, alicheza na uso wake mwenyewe, hana hata kofia. Alichukua mchezo wa kwanza, nikachukua wa pili. Katika wa tatu, wa mwisho, nilikuwa nimejibanza juu ya ghala nikimvizia, na tayari nilikuwa nimeshaiona ncha ya bunduki yake, mlango wa chumba ulipofunguliwa. Aliingia Ma Bernadeta, mama mkwe wangu, ametoka Bukoba. Shemeji Alfonsi alimpokea stendi ya basi, akamshusha getini kwetu bila hata kupiga simu.

Kwetu Wahaya, mke hamsalimii mama mkwe akiwa amekaa, wala akiwa ameshika kitu. Anapiga magoti, mikono mitupu, na salamu yenyewe haina haraka. Revelian alilijua hilo tangu anazaliwa. Alinitolea macho, zimwi likatoa macho. Akanitikisia kichwa, mapembe yakayumba mbele ya watu elfu tisa.

Sitasema uongo. Ningeweza kuinamisha kichwa tu, na mama angenisamehe, maana ni mwelewa. Lakini niliitazama saa ile mkononi mwangu, nikaona adabu ni adabu. Nikaweka simu mezani, nikapiga magoti.

Revelian hawezi kunyamaza. Akinyamaza, zimwi linabaki picha ya ukutani. "Sasa natulia, wajukuu," akanguruma. "Vitazameni vidole vyangu vinavyotulia! Hii naiita subira ya chui." Kamera ya pili ilikuwa inaonyesha meza, simu na kikombe cha chai. Mama aliniuliza hali ya nyumba, ya watoto, ya kazi, ya majirani, nami nikajibu moja moja bila kuruka. Muntazir akapanda ngazi za ghala kwa raha zake, akanipiga risasi ya mgongo. Fainali ikaishia hapo.

"Nimemwachia makusudi," Revelian akasema.

"Nimekukatiza nini, mwanangu?" mama akaniuliza.

"Nilikuwa nacheza, mama. Mwanao alikuwa anasema."

Kinasa sauti kilichukua kila kitu. Komenti zikafurika: Nani huyo? Mikono iko wapi? Chui kaenda kumsalimia nani? Kisha ikasikika sauti ya mwamuzi, dada mmoja aitwaye Tazim, mpole lakini hana mchezo. "Zimwi Radi, tunaomba jibu. Ile mikono ni ya nani?"

Bado nilikuwa magotini. Fainali ilishapotea, Kigali ilishapotea, hakuna alichobakiza cha kulinda. Maneno matano yalitosha. Nilimtazama mume wangu, nikamwombea kimoyomoyo apate ujasiri. Jasho lilimtiririka, ila zimwi halitoki jasho, likatabasamu.

"Ni ya dada wa kazi," akasema.

Ma Bernadeta hajui laivu wala komenti, lakini Kiswahili anakijua vizuri. "Dada wa kazi?" akasogea karibu. "Revelian, mimi nilikwenda kuposa dada wa kazi? Pombe yote ile ya rubisi niliyopeleka kwao, nilimpelekea dada wa kazi?"

"Mama, niko laivu," zimwi likanong'ona.

"Kuwa unakotaka. Mimi hujanisalimia."

"Shikamoo mama," likasema zimwi la miaka mia tisa, likainamisha mapembe.

Niliinuka, nikavua saa yake na shati lake, nikaenda jikoni kumpikia mama chai. Nililia kidogo juu ya sufuria. Halafu nikakasirika, na hasira ikanifaa zaidi.

Jioni waandaaji walitangaza kwamba Zimwi Radi amefutwa kwenye mashindano yao yote. Chini yake waliongeza mstari mwingine: wanamtafuta yule dada wa kazi, aje kwenye majaribio ya timu kwa jina lake mwenyewe. Wakaweka na fomu.

Revelian alinijia na uso wake wa kawaida, ambao nilikuwa nimeanza kuusahau. "Si unaona, nimekufungulia njia," akasema. "Waambie mie ndiye niliyekufundisha. Na kwenye jina andika Auleria Revelian, wananifahamu."

Mama alikuwa anakunywa chai yake. Nikachukua simu. Penye jina nikaandika Auleria, nikafuatisha la baba yangu, Ferdinand. Revelian aliinama begani kwangu, akasubiri aone kama kuna linalofuata. Nikabonyeza tuma.