Viti Viwili

Kwenye shorumu ya magari walimwita Bi Kasoro, na jina likamkaa. Wauzaji wenzake walianza na sifa, yeye alianza na ubovu. Mteja akishika tu mlango, Bi Kasoro anamwambia hili linakunywa mafuta, lile spea zake utazisubiri mpaka uote mvi. Akishamaliza ubovu ndipo anageukia uzuri. Meneja alimfokea mwanzoni, kisha akanyamaza mwenyewe, maana waliouziwa na Bi Kasoro ndio waliorudi na ndugu zao.

Asubuhi aliyoingia shemeji yake, damu ilimchemka. Huyu ndiye aliyemwacha dada yake Bi Kasoro na watoto wao pacha, wa kike na wa kiume, akahamia kwa mwanamke mwingine. Kama hiyo haikutosha, akaitisha kikao cha familia akidai watoto. "Nyumba ninayo, gari ninalo," alisema mbele ya wote. "Huyu ana nini? Atawabeba mgongoni?" Watu wakacheka. Wakubwa wakaamua: shule zikifungwa pacha wahamie kwa baba yao, ila wasitenganishwe, na aje kuwachukua mwenyewe. Dada mtu aliinama tu, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Kicheko kile Bi Kasoro hakukisahau. Akaapa shemeji atakilipia, ingawa hakujua lini wala vipi.

Na sasa kajileta mwenyewe.

"Shemeji," alisema yule bwana, akizungusha ufunguo kidoleni, "nimechoka na lile ligari la kifamilia. Nataka kulibadilisha. Lile pale vipi?"

Alionyesha gari jekundu la kifahari lisilo na paa, limelala chini, viti vyake vya ngozi vinang'aa.

Bi Kasoro alimjua mtu wake. Ukimwambia njia hii haipitiki, hiyo hiyo ndiyo atakayopita. Kumdanganya hakukuwa na haja. Ukweli ungetosha, mradi usemwe kwa mdomo wa kebehi.

"Lile si saizi yako, shemeji."

"Eti nini?"

"Liko chini mno, tuta dogo tu litalikwangua tumbo. Paa lake la turubai, mwenye kisu hahitaji ufunguo. Ukilikunja linajaa kwenye buti, mzigo huna pa kuweka. Na halifungiki gari likiwa kwenye mwendo. Mvua ikikukuta, sharti usimame."

"Na uzuri?"

"Uzuri linao, sikufichi. Ukikanyaga mafuta linaruka. Kona linaishika. Breki zake unazigusa tu. Mngurumo wake watu watajaa madirishani. Na paa likiwa wazi, kila mtu atakuona wewe na uliyekaa naye."

Shemeji akatabasamu. Hilo la mwisho lilimwingia.

"Lakini viti ni viwili," Bi Kasoro akaendelea. "Viwili tu. Na wewe una pacha wa kuchukua. Utawaweka wapi?"

"Watoto niachie mwenyewe."

"Nakuuliza tena, shemeji. Watoto watakaa wapi?"

"Hee! Wivu utakuua," alicheka yule bwana, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa meneja. "Dada yako kakutuma? Nimekwambia nalitaka hili, na la kwangu lichukueni leo leo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Bi Kasoro alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na moyoni alikuwa anapiga vigelegele.

Siku shule zilipofungwa, alikuwa kwa dada yake tangu asubuhi. Baba mkubwa wa watoto, kaka yake yule bwana, alikuja kushuhudia makabidhiano. Mabegi yalikuwa mlangoni. Mtoto wa kiume alikuwa anamng'ang'ania mama yake. Wa kike, aliyempenda baba yake kupita kiasi, alikuwa amevaa viatu vipya na kusimama getini peke yake.

Mngurumo ulisikika tangu mwanzo wa mtaa. Watu walijaa madirishani kama ilivyoahidiwa. Gari likasimama, jekundu, paa wazi. Na kiti cha pili kilikuwa na mwenyewe: yule mwanamke, miwani myeusi, kitambaa cha hariri kichwani.

Baba mkubwa alilizunguka gari polepole, akachungulia nyuma ya viti.

"Watoto wanakaa wapi?"

"Nitawatumia teksi, kaka."

"Teksi? Si ulituambia gari unalo?"

Dirisha moja likacheka, likafuata la pili. Matone yakaanza kudondoka.

"Hukuwafikiria kwenye gari, utawafikiria nyumbani?" baba mkubwa akasema, na hakupaza sauti. "Watoto wanabaki na mama yao. Kikao nitakieleza mimi."

Mvua ikashuka yote. Ili kufunga paa ilibidi shemeji asubiri pale pale, mbele ya mtaa mzima, kitambaa cha hariri kikimgandia mwenzake usoni. Hakuweza kuvumilia. Alikanyaga mafuta, gari likaruka, na kwenye tuta la kwanza kila mtu alisikia tumbo lake likikwaruza.

Dada mtu aliinua kichwa, akacheka mpaka akakaa chini. Bi Kasoro alicheka naye. Alikuwa amekisubiri kicheko hicho, na kilikuwa kitamu kuliko alivyodhani.

Alipogeuka, mtoto wa kike bado alikuwa getini, ameloa.

"Mama mdogo, wewe ndiye uliyemuuzia baba gari?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Hakujua viti ni viwili?"

Hapo uongo mmoja mdogo ungetosha. Angesema alisahau kumwambia, lawama zikamwangukia yeye. Lakini hasira ilikuwa bado na kiu.

"Alijua. Nilimwambia, nikamkumbusha. Nikamtajia na nyinyi."

"Akasemaje?"

"Akalinunua."

Mtoto hakulia. Aliinama, akavua viatu vipya, akaokota begi lake na kuingia ndani bila kumtazama mtu. Dada mtu alikuwa ameacha kucheka.