Kaseti ya Tatu

Nilikuwa nimefika katikati ya kaseti ya pili. Skrubu zake tano nilikuwa nimeziweka kwenye kifuniko cha chupa ili zisipotee, ganda la juu liko pembeni, na utepe ulikuwa ukipita polepole kati ya vidole vyangu vilivyoshika kitambaa cha pamba. Ukungu mweupe ulikuwa umeota ukingoni mwa utepe kama unga wa muhogo. Ukungu wa aina hii unafutwa mkavu kwanza, kwa sababu ukianza na spiriti unaugandisha. Unageuza roli kwa mkono, kidogo, unafuta, unageuza tena. Kaseti yenye ukungu haiingizwi kwenye deki hata kama mwenyewe ana haraka. Ukungu ukishahamia kwenye kichwa cha deki, utaipata kila kaseti utakayoicheza baada ya hapo.

Sakafu nilikuwa nimeinyunyizia maji na mlango nimeufunga. Karakana yetu iko Keko, kando ya barabara, na upande wa pili wa ukuta mwenzangu Shomari alikuwa anaranda mbao za kitanda. Vumbi la mbao na utepe wa video havikai nyumba moja.

"Kasimiri!" Shomari aliita. "Wenzio tunatengeneza vitanda watu walale, wewe unafufua maiti. Yule mama wa kabati kaja tena."

"Mwambie Alhamisi."

"Alhamisi ipi? Maana hata ile iliyopita ilikuwa Alhamisi."

Alisema kweli. Nikageuza roli, nikaendelea kufuta.

Sinema niliyokuwa naisafisha, watu wa Temeke waliiita Mama na Punda, kwa sababu jina lake liliandikwa Kiarabu na wengi wetu hatukuweza kulisoma. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe. Ilitolewa kwa kaseti mara moja tu, kaseti tatu ndani ya kasha moja, na duka moja la Ghuba ambalo lilikwisha kufungwa. Diski zinazouzwa barabarani siku hizi zimekatwa, hazifiki hata nusu ya ile ya kaseti, na zinaishia mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kumalizia hadithi.

Niliiona mara ya kwanza kwenye duka la Mzee Hilal, pale Temeke, alikokuwa akikodisha mikanda. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka Masasi karibuni, nimemtengenezea rafu. Kazi ilipokwisha akaniambia nikae, nione rafu zangu zinabeba nini. Tukaangalia kaseti ya kwanza, na ya pili. Mama anaondoka na punda kwenda kutafuta maji ng'ambo ya mlima, mtoto anabaki mlangoni na kibuyu. Mzee Hilal alipokuwa anaweka ya tatu, umeme ukakatika. Niliporudi wiki nyingine ilikuwa imekodishwa. Kisha nikaoa, kazi zikawa nyingi, duka likafungwa, naye akafariki. Siku moja, duka likiwa bado wazi, nilikuwa nimemwuliza inaishaje, akacheka tu. "Mwisho hauelezwi, Kasimiri. Mwisho unaonwa."

Tangu hapo nimekuwa nikikusanya mikanda ambayo watu wameichoka. Nimeipata kwenye stoo za wajane, kwenye mabanda yaliyobomolewa, hata kwenye pipa la taka. Nilijifunza kuisafisha kwa kuharibu michache ya kwanza. Nimeitengenezea kabati la mbao za mninga lenye mlango wa kioo, na katikati nimeacha nafasi ya upana wa kasha la kaseti tatu. Nilitaka kuwa na Mama na Punda nzima, niione mpaka mwisho. Sikutamani kitu kingine kwenye kazi hii.

Wiki iliyopita Walid, mtoto wa mwisho wa Mzee Hilal, alinijia na mfuko wa nailoni. Yeye ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, ofisi yake iko Kurasini kati ya makontena. Alikuwa anaongea na simu mkono huu na kunisalimia kwa mkono ule.

"Shikamoo mzee. Mie hii ishu ya mikanda imenishinda. Ofisi tunahama, mke wangu nyumbani haitaki. Nikakukumbuka wewe."

Ndani ya mfuko zilikuwamo ya kwanza na ya pili. Bila kasha.

"Na ya tatu?"

"Anayo mwenyewe wa Kunduchi." Hakumtaja dada yake kwa jina. "Haina shida. Mwisho naujua."

"Uliiona?"

"Sikuhitaji kuiona. Mama anarudi." Akaiweka simu mezani, uso wake ukatulia, nikamwona kama alivyokuwa mtoto pale dukani. "Asubuhi. Anatokea mlimani anamvuta punda, na punda kabeba maji. Mtoto anatupa kibuyu, anakimbia. Tangu nina miaka sita naujua." Kisha simu ikaita, akaichukua. "Bei tutaelewana, mzee. Ila nakuomba kitu kimoja. Hizi zisije zikaenda Kunduchi."

Nikasema sawa. Nilisema haraka kuliko kawaida yangu, kwa sababu nilizitaka.

Sasa, nikiwa katikati ya ile ya pili, nikasikia sauti ya mwanamke nje.

"Hodi fundi!"

Alikuwa Reem, dada yake Walid. Nilimjua tangu msichana, akikaa nyuma ya meza ya duka akifuta kaseti kwa upindo wa khanga. Siku hizi yeye na mumewe wana duka la nyavu na kamba Kunduchi. Nilimkaribisha, na kwa heshima yake nikauacha mlango wazi. Kwa sababu ya mlango kuwa wazi vumbi la randa la Shomari lingeingia, kwa hiyo nikaifunika kaseti ya Walid kwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, ila chumvi inatula sisi na nyavu zetu." Akakaa kwenye kigoda, akatoa kitu kwenye kikapu, kimefungwa kwa kipande cha khanga. "Nasikia unachukua mikanda ya zamani. Huu unanikalia rohoni bure. Hata deki sina."

Akafungua. Ilikuwa ya tatu.

Akaiweka mezani, karibu kabisa na kile kitambaa. Nikaichukua nikaigeuza. Skrubu zilikuwa na kutu, lakini dirishani utepe ulionekana wote. Nikairudisha mezani taratibu.

"Chukua, nipe utakacho," akasema. "Sharti langu ni moja. Asipewe Walid."

Nilijua walikuwa hawasemezani tangu mirathi, lakini sikuwa nimejua iliwafika vipi. Akanieleza mwenyewe bila kuulizwa. Mali ilipogawanywa, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, hakuna aliyelalamika. Shehe aliyewasaidia kugawa alishauri mikanda ibaki pamoja kama kumbukumbu ya marehemu. Hapo Walid akasema, "Dada ameshaolewa, mikanda ataifanyia nini?" Neno hilo likamchoma.

"Nikamwambia shehe, kama ni sheria basi iende mpaka mwisho. Kila kasha lifunguliwe. Mikanda mingine ilikuwa mmoja mmoja, ikahesabika. Tukafika kwenye hili la kaseti tatu. Mbili zake, moja yangu. Shehe akaniangalia, akaniambia, binti yangu, hii ni hadithi moja. Nikasema, na baba alikuwa mmoja. Nikachagua ya tatu. Nilifanya makusudi, fundi. Nilitaka akae na mwanzo, mwisho asiuone."

Sikuona la kumlaumu. Mtu aliyeumizwa hushika kilicho karibu na mkono wake.

Lakini sitaficha nilichokuwa nawaza. Ningeweza kunyamaza. Kila mmoja alikuwa anauza kwa hiari yake, na kila mmoja alikuwa amenipa sharti ambalo lingenifanya mimi niwe mtu pekee wa kuwa nazo zote. Kitambaa kilikuwa kimefunika. Ningeitikia tu, na jioni ile kaseti zote tatu zingekuwa zangu na mimi ningekaa mbele ya deki.

Nikajikuta nasema, ili nisionekane nina hamu, "Ndiyo hii mama anarudi asubuhi na punda?"

Reem aliinua kichwa. "Anarudi nani?"

"Mama. Anatokea mlimani."

"Mama harudi, fundi. Anarudi punda peke yake. Mtoto anamkuta mlangoni, kamba inaburuta chini, na mtungi mtupu mgongoni. Kisha anambembeleza punda, na giza linaingia." Akanitazama sana. "Nani kakwambia anarudi?"

Nje randa ya Shomari ilikuwa imenyamaza. Nikaona kwamba jibu lolote la kweli lingeniondolea zile kaseti, na jibu la uongo ningelazimika kuishi nalo kila nikifungua lile kabati. Nikakiondoa kitambaa.

"Walid," nikasema. "Hii hapa ni yake. Na ya kwanza iko kabatini. Aliniambia tangu ana miaka sita anaujua huo mwisho."

Hakuigusa. Alikaa akiitazama ile kaseti iliyofunuliwa, na roli zake mbili, moja nene na moja nyembamba.

"Na kibuyu?" akauliza. "Alikwambia kuhusu kibuyu?"

"Mtoto anakitupa, anakimbia."

Akajifunika uso kwa mtandio. Nikageukia dirisha mpaka alipoanza kusema.

"Mama yetu alikuwa wodini. Wiki ile baba alituwekea hii, sijui kwa nini, labda hakuwa na nguvu ya kuchagua. Ya pili ilipoisha Walid analia hanyamazi, baba akaenda kumlaza. Ya tatu nikaiangalia na baba. Asubuhi Walid kaamka, kitu cha kwanza, 'Dada, mama yake alirudi?' Ningemwambia nini? Nikamwambia alirudi. Akataka kujua kila kitu. Alirudi saa ngapi, punda kabeba nini. Nikamtungia. Kibuyu ni changu mimi, fundi. Hakimo kwenye sinema."

"Na mama yenu?"

"Hakurudi." Akaikunja ile khanga, akaikunjua. "Kumbe miaka yote hii najiona nimemnyima mwisho. Kumbe anao, na nilimpa mwenyewe."

Shomari alichungulia mlangoni, akamwona Reem anajifuta macho, akaondoka bila mzaha. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Siuzi tena," Reem akasema. "Unisamehe kwa kukupotezea muda."

"Hujanipotezea."

"Hii itacheza?"

"Sijui mpaka niifungue. Chumvi ikiwa imeingia kwenye utepe, itabidi niende hatua kwa hatua. Leo haitaisha."

Akafikiri. "Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli, kama ulivyoniambia mimi. Siwezi kuanza mimi."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Kwanza yalisikika malori na mtu anayepiga kelele kuhusu kontena.

"Mzee Kasimiri! Pesa hata mwisho wa mwezi, mimi sikubani."

"Si pesa, Walid. Ya tatu iko mezani kwangu."

Yule mtu wa kontena akaendelea kupiga kelele.

"Kaileta nani?"

"Mwenyewe. Amekaa hapa."

"Nilikuomba zisiende Kunduchi, mzee."

"Hazijaenda. Kunduchi ndiyo imekuja."

Reem akainyoosha shingo kuelekea simu. "Walid."

Lori likapita. Kisha sauti yake ikaja, ndogo kuliko ile ya mwanzo. "Naam, dada."

"Ule mwisho niliokwambia ulipokuwa mdogo." Akasita. "Njoo uone mwenyewe. Fundi anaisafisha."

Nikaangalia kama simu imekatika.

"Nilikuwa na miaka sita, dada," Walid akasema. "Sikubaki na miaka sita. Nilishaanza kufikiri."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa nini niulize? Ningepata nini?" Akasafisha koo. "Kesho nikitoka bandarini nitapita. Leo niache na ule mwisho wako."

"Haya," Reem akasema. "Haya, mdogo wangu. Kesho."

Aliondoka akaniachia ile kaseti pamoja na kipande cha khanga. Alipofika mlangoni aliuliza kama mimi nimewahi kuuona mwisho. Nikamwambia hapana. Akasema basi kesho na mimi nikae pamoja nao, yeye na mdogo wake, tuuone. Nikamshukuru.

Niliufunga mlango, nikanyunyizia sakafu maji upya, nikaendelea na ya pili nilipoiachia. Ilipokwisha nikaifunga skrubu zake, nikaitoa na ya kwanza kabatini, nikazifunga zote mbili kwenye karatasi na kuandika juu yake jina la Walid na la Reem. Kisha nikaifungua ya tatu. Skrubu mbili zilifunguka, mbili nilizitia mafuta zikakubali, ya tano ikang'ang'ania. Niliisubiri. Ukiilazimisha ganda linapasuka.

Ilipotoka, mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kupungua na adhana ya magharibi ilikuwa inasikika. Chumvi ilikuwa imeshika mizunguko ya nje tu, migumu kama karatasi iliyolowa ikakauka. Nilianza kuiachanisha kwa kucha, mzunguko mmoja mmoja, mpaka macho yakaniambia basi. Robo ilikuwa imehamia kwenye roli safi.

"Umemaliza?" Shomari aliuliza kupitia ukuta.

"Bado."

"Na kabati la yule mama?"

"Alhamisi," nikasema. "Shomari, kesho nitaazima vigoda vyako viwili."

"Chukua hata kitanda, lakini ukirudishe," akasema.

Nikaiacha kaseti wazi kama ilivyo, nikaifunika kwa kioo, na juu ya kioo nikaweka ile khanga. Spiriti ilikuwa imebaki kidogo chini ya chupa. Nitanunua nyingine asubuhi kabla ya kuanza.